Sherehe ya Woga Nyumbani kwa Matroni

Mimi ni mwoga, na ni afadhali niseme mapema ili msomaji asije akanidai ushujaa huko mbele. Naogopa giza, naogopa radi, na ingawa serikali ilinipeleka Kibondo kuwa afisa mifugo, naogopa mbwa. Sasa nikikwambia kwamba nilipanga chumba kwa mwanamke ambaye alipenda kutisha watu wazima kuliko alivyopenda kula, utaona mwenyewe niliishije pale.

Tulimwita Matroni. Alikuwa matroni wa bweni la wasichana kwa muda mrefu kabla ya kustaafu, na mji mzima, kuanzia sokoni hadi hospitali, uliendelea kumwita hivyo. Alikuwa mrefu, mwembamba, nguo zake zimenyooshwa kwa pasi hata siku ya kupalilia. Alitembea bila kusikika. Alisema hayo ni mazoezi ya kazi, maana matroni anayesikika akija hamkuti mtoto yeyote akifanya kosa. Mimi wa chumba cha uani nilikoma. Nafua, nainua kichwa, yupo.

"Mwakeye, Bwana Mifugo," ananisalimu kwa Kiha chake cha Munanila, nami nimeshamwagia maji ya sabuni miguu yangu mwenyewe.

Siku niliyohamia kwake, mwanzoni mwa mwaka 2012, alinikaribisha kwa juisi ya ndizi iliyokamuliwa kwa nyasi, ambayo haijachacha. Aliimimina kwenye glasi moja, akainua, akanywa yeye, akajifuta midomo, ndipo akanimiminia mimi. Nimezaliwa Lindi. Kwetu mgeni hutangulia. Nilijiambia, basi, nimepata mama mwenye nyumba asiye na adabu. Nilikaa na hasira hiyo hadi Mzee wa Duka, muuza mabati na misumari wa pale jirani, aliponicheka mpaka akashika kiuno.

"Kijana, huko ulikotoka hamuogopani?" aliniuliza. "Huku mtu akikupa kinywaji bila kuonja mbele yako, kimbia. Anayeonja anakuambia, tazama, kama kuna kitu humu tunakufa wote. Hiyo ndiyo adabu yenyewe."

Nilianza kuangalia. Kweli, kila nyumba niliyoingia Kibondo, iwe pombe, togwa au maji ya mtungini, mwenyeji alionja kwanza, haraka, bila maneno, jinsi mtu anavyofuta kiti kabla ya kukukalisha. Nilizoea. Baadaye hata mimi nilionja chai yangu kabla ya kumpa mgeni, na nikienda likizo Lindi dada zangu waliniuliza nani amenifundisha ulafi.

Sasa sherehe. Kila mwaka, Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, mvua zikiwa zimeanza na ukungu wa jioni umeshuka hadi kwenye migomba, Matroni alifanya karamu aliyoiita sherehe ya woga. Wazo lenyewe aliliokota kwa wageni. Zamani, kambi za wakimbizi zilipokuwa zimejaa na magari meupe ya mashirika yanapishana barabarani, alialikwa kwenye sherehe yao ya mwisho wa Oktoba, ile ambayo watu hujivika kama wafu. Alirudi amekasirika. Wafu hawakumkera hata kidogo, kilichomkera ni karanga.

"Watu wazima," alisema, na baada ya miaka yote hiyo ilikuwa bado inamuuma, "wamejipaka rangi nyekundu, wamevaa mashuka yaliyochanika, halafu wanakula karanga wamesimama! Mzimu gani huo? Ukitaka kumtisha mwenzio, mketishe kwanza. Mpe kitambaa cha mikono. Mtu aliyekaa vizuri ndiye anaogopa sawasawa."

Mashirika yalipofunga virago na kuuza vitu vyao, wengine walinunua magodoro na jenereta. Yeye alinunua glasi za miguu mirefu na jora la kitambaa cheusi cha mapazia, akakishona kuwa kitambaa cha meza. Ndicho alichokitandika kila Oktoba. Juu yake aliweka sahani nyeupe, vitambaa vilivyotiwa wanga wa muhogo vikakakamaa, na mishumaa mirefu. Alichemsha muhogo, akauchonga mwembamba na mrefu hadi ukafanana na mifupa, akaumwagia mawese mekundu. Maharage yalikuwa meusi. Kuku alikuja mzima na kichwa chake, ametazamishwa kwa mgeni mwoga kuliko wote, na sina haja ya kusema ni nani.

Masharti yake hayakuwa na mjadala. Watoto hapana. Vinyago hapana, kwa sababu, alisema, uso wa mtu peke yake unatosha kutisha. Njoo na nguo zako nzuri, nyeusi au nyeupe. Saa moja jioni uwe umeketi, na kabla watu wa Ishaa hawajatoka msikitini uwe umeshasindikizwa kwenu. Na kila aliyeketi lazima aseme jambo moja analoliogopa kweli, na wengine wasicheke hadi amalize.

Mwaka wangu wa kwanza nilisema mbwa. Walisubiri nimalize kama sheria inavyotaka, halafu Mzee wa Duka akacheka hadi kofia ikamwanguka. Mwaka uliofuata nilisema kweli, kwamba naogopa simu inayolia alfajiri, kwa sababu ndivyo nilivyopata habari za mama yangu. Hakuna aliyecheka. Mama Vitenge, mwanamke wa Buhigwe mwenye duka la nguo na sauti ya kuita ng'ombe, alinisogezea paja la kuku. Nililala vizuri wiki nzima.

Niliwahi kumuuliza Matroni kama mtu wa kanisa kama yeye, asiyekosa ibada, haoni soni kuchezea mambo ya wafu. Akanisimulia habari za bweni. Mwaka mmoja wasichana walianza kupiga kelele usiku, mmoja akianguka na mwingine anaanguka, wanasema kuna mwanamke mweupe dirishani. Waliitwa wachungaji, wakaitwa mashehe, kelele zikazidi. Mwishowe yeye akaomba aachiwe wasichana wake alasiri moja tu. Akapanga mabenchi, akachemsha chai yenye maziwa, akamwambia kila mmoja aseme anachoogopa, mmoja mmoja, bila kucheka.

"Wa kwanza akasema mtihani wa hesabu," alinieleza. "Wa pili akasema mwanamke mweupe. Wa tatu akasema anaogopa likizo, kwa sababu baba yake yupo nyumbani. Basi. Baada ya huyo hakuna aliyemtaja tena mwanamke mweupe."

Ndivyo alivyokuwa. Mwanamke huyohuyo alikuwa mkali kupindukia. Alimnyima mpangaji mmoja salamu kwa mwezi mzima kwa sababu alifuta viatu kwa kitambaa cha vyombo. Alikuwa mbishi, na alikuwa na kiburi cha ukweli, yaani hakudanganya hata pale ambapo uongo mdogo ungemsaidia kila mtu. Mke wa Mzee wa Duka alimletea sambusa siku moja akauliza zikoje. "Chumvi imezidi na nyama imepungua," alijibu Matroni, akala tatu. Mimi tabia hiyo ilinichekesha, sikujua itamfikisha wapi.

Kila sherehe ilikuwa na tisho lake kuu, na hakuna aliyeambiwa kabla. Mwaka 2012 aliweka kiti kimoja cha ziada, akakipakulia chakula, na jioni nzima akawa anakigeukia na kusema "karibu, ongeza", kwa upole kabisa, hadi aliyekaa jirani na kiti hicho akaomba kuhama. Aliyekaa jirani na kiti hicho ni mimi. Mwaka 2013 alizima mishumaa kabla ya kula na kutunawisha mikono gizani, akizunguka meza na birika. Alipowasha, alisema kwa sauti ya kawaida, "Mmejaa leo. Nimenawisha watu wengi kuliko viti." Mama Vitenge alipanda juu ya kiti. Baadaye sana ndipo Afisa Ardhi, kijana wa Moshi mwenye tai hata Jumamosi, alipokiri kwamba alikuwa ameambiwa anyooshe mikono, kisha azunguke kimyakimya na kuinyoosha tena upande wa pili.

Huyo Afisa Ardhi alikuwa kipenzi chake. Alikuwa mcheshi, alimbebea kuni, alimwita Mama. Alikuwa na mchumba kwao na alionyesha picha yake kwa kila aliyekuwa na macho.

Oktoba 2014 tuliketi kama kawaida. Tulikuwa wachache, Mzee wa Duka, Mama Vitenge, Karani mstaafu wa mahakama ambaye hakuzungumza sana, Afisa Ardhi na mimi. Umeme ulikuwa umekatika mjini kote, mvua imekatika pia, ukimya nje ulikuwa mzito. Matroni alivaa gauni jeusi la mikono mirefu. Alileta jagi la juisi ya ndizi, akatumiminia wote, akajimiminia na yeye, akaketi. Kisha akakunja mikono mapajani.

"Karibuni," alisema.

Hakuonja.

Mwanzo nilidhani amesahau. Nikamtazama. Alikuwa anatutazama mmoja mmoja, amenyooka, uso hauna kitu. Nikaona mkono wa Mama Vitenge umesimama katikati ya njia, haugusi glasi wala haurudi. Karani aliinamisha kichwa. Mzee wa Duka midomo ilikuwa inacheza, nadhani alikuwa anaomba. Nami, mtu wa Lindi ambaye miaka mitatu nyuma nisingetambua chochote, niliirudisha mikono yangu mapajani. Kiti cha ziada kilikuwa mchezo. Mikono gizani ilikuwa mchezo. Hiki kilikuwa ndicho kitu chenyewe, ambacho kila mmoja wetu alikuwa anakibeba kila siku bila kukisema, kwamba huyu unayemwita jirani anaweza kukuua kwa kitu kitamu.

Alikusudia tukae hivyo kidogo tu, halafu anywe na kusema hilo ndilo tisho la mwaka. Aliniambia hivyo baadaye, na namwamini. Lakini Afisa Ardhi alikuwa hajui lolote. Mwaka uliotangulia alimwona akionja akadhani ana kiu. Aliinua glasi, akasema "Afya ya Mama!", akanywa hadi nusu.

Alibaki ameishika. Shingo ikapinda, macho yakageuka, akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia hata kwa mnyama, na akaanguka chali pamoja na kiti.

"Ye baba we!" Mama Vitenge alipiga kelele. "Kalishwa! Kalishwa!"

"Tokeni nje wote," alisema Matroni. Hakupandisha sauti. "Bwana Mifugo, wewe baki. Shika mshumaa."

Walitoka wakikanyagana. Mimi nilibaki kwa sababu miguu ilikataa. Nta ilinidondokea vidoleni. Matroni alipiga magoti, akamlaza ubavu, akamlegeza tai, akamwekea mtandio wake chini ya kichwa, na akasubiri, mkono wake begani kwa kijana, jinsi alivyosubiri bila shaka na wasichana wengi. Nilipoona suruali ya kijana inalowa, na yeye akaona kwamba nimeona, aliukamata ukingo wa kile kitambaa cheusi na kukivuta chote kutoka mezani kumfunika. Sahani, glasi na yule kuku vilishuka sakafuni kwa kishindo. Huko nje walipiga mayowe.

Kijana alipozinduka alilia. Alituomba, akitushika mikono, mmoja huku na mmoja huku.

"Nisitiri, Mama. Desemba tunapeleka mahari. Wakijua nina kifafa hawanipi mtoto wao."

"Na dawa zako?"

"Niliacha. Niliona nimepona."

Matroni alimkemea kwa kuacha dawa kama vile hakuna jambo jingine baya lililotokea nyumbani mwake jioni ile. Kisha akamtoa kwa mlango wa uani ili wenzake wasione hali yake. Alipofunga mlango alinigeukia.

"Umeona nini, Bwana Mifugo?"

"Nimeona mtu ana..."

"Hukuona. Ugonjwa ni wake. Kama ni kusema, atasema mwenyewe."

Nilimwambia watasema amemlisha sumu. Alikuwa ameshaanza kuokota vigae. "Watasema," alikubali.

Walisema, kwa kweli. Afisa Ardhi alijifungia kwake siku kadhaa, na mji ukamzika kabla hajafa. Alipotokea ofisini, mzima, na watu wakamzunguka, alitafuta la kusema, na la kusema alilolipata, Mungu amsamehe, lilikuwa hili: "Chakula kilinikataa tu." Nilipolisikia nilitamani kumnyonga. Alidhani amefunga mdomo wa watu, kumbe ndio ameupa ushahidi.

Mwenyekiti wa kitongoji aliitisha mkutano mchana kweupe kwenye uwanja wa shule ya msingi. Nimeona mikutano ya chanjo na ya mipaka ya mashamba, sijawahi kuona uliojaa vile. Vijana walisimama nyuma, na baadhi walikuwa na mapanga, ya kukatia nyasi, walisema. Nilijua kitu ambacho kingewarudisha wote nyumbani kwa sentensi moja, na nilipoangalia upande aliokaa Matroni nilimkuta ananitazama kama anavyomtazama msichana anayetaka kuongea wakati wa sala.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anataka kumwokoa. "Matroni," alisema, "wewe ni mtu mzima, umetulelea watoto wetu. Waeleze tu watu. Siku ile ulisahau kuonja, sivyo?"

Alikuwa amemfungulia mlango. Lilikuwa neno moja tu, ndiyo, na yaishe. Matroni alisimama, akanyoosha gauni.

"Sikusahau," alisema. "Niliacha makusudi. Nilitaka waogope."

Sijui kama umewahi kusikia uwanja mzima ukivuta pumzi. Mama Vitenge alijifunika uso kwa khanga. Kijana mmoja alipiga panga lake chini, mara moja, na mimi nikajikuta nimemshika mkono Mzee wa Duka. Matroni aliongeza kwamba Afisa Ardhi yu hai, anatembea, mwenye swali amuulize mwenyewe. Kisha akaketi. Mwenyekiti aliwaomba watu watawanyike, akawaomba tena, na wakatawanyika polepole, wakimpisha Matroni njia pana kuliko aliyoihitaji.

Hakupigwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa mawe juu ya bati, nikawa nalala na viatu. Kilichokuja kilikuwa kimya zaidi. Msibani, alipokaa jikoni na wanawake, kuna aliyempokea upawa kwa heshima zote, "pumzika mama", na sufuria aliyokuwa ameikoroga ikamwagwa nyuma ya nyumba. Mtoto aliyepewa andazi alinyang'anywa na mama yake, likatupwa kwa kuku, na mama akasimama kuona kama kuku watakufa. Wapangaji wenzangu walihama. Mzee wa Duka, rafiki yake wa miaka yote, aliacha kuingia ndani. Alimsalimia akiwa barabarani, na akikaribishwa anasema amefunga. Alifunga Jumatatu, alifunga Alhamisi, na siku zilizobaki alifunga tu.

Matroni alianza kuonja kila kitu. Alionja maji kabla ya kunipa. Alionja chumvi. Haikusaidia, kwa sababu sasa walikuwa wamegundua jibu la hilo pia, kwamba mwenye sumu hakosi dawa yake. Nilimsikia akigonga glasi mezani peke yake jikoni, akinywa, akijifuta, na hakuna aliyekuwepo wa kumiminiwa. Mwanzoni mwa 2015 alifunga nyumba kubwa, akaniachia chumba changu cha uani, na kwenda kukaa kwa binti yake Kasulu.

Afisa Ardhi alihamishwa, akaoa, na mwaka huohuo, katika kituo chake kipya, alianguka mbele ya ofisi nzima. Hapo akasema mwenyewe, hadharani, na mke wake hakumwacha, ndiyo maana na mimi leo naandika. Alipiga simu Kibondo kwa watu kadhaa kueleza. Walimsikiliza, wakamwambia pole. Habari ya sumu ilikuwa imeshafika Kakonko, na yake haikupita mlango wa wale aliowapigia.

Nami nilihamishiwa Kasulu katikati ya mwaka ule. Kufika Oktoba mji ulikuwa umefurika, watu wanaokimbia Burundi wanapita kuelekea kambini, magari meupe yamerudi, na kampeni za uchaguzi zinapiga muziki kila kona. Nilimkuta Matroni sokoni anachagua maharage. Muuzaji alimwekea chenji juu ya gunia, hakumpa mkononi, na nikajua kwamba habari imemfuata. Alikuwa amekonda. Nguo zilikuwa zimepigwa pasi.

"Bwana Mifugo," alisema, "Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Saa moja. Vaa vizuri."

Nilivaa shati jeupe. Binti yake aliniamkia mlangoni, akasema anakwenda kwa jirani, akaondoka haraka. Ndani, kitambaa cheusi kilikuwa mezani, kimefuliwa, kimenyooka. Sahani nyeupe, mishumaa, vitambaa vilivyokakamaa. Aliandaa meza ya watu sita.

"Wengine wanakuja?" niliuliza.

"Niliwaalika walewale. Mmoja yuko mbali, mmoja tumbo linamuuma, mmoja ana mgonjwa. Mmoja amefunga." Alitabasamu kidogo kwa hilo la mwisho. "Kaa."

Nilikaa. Alimimina juisi kwenye glasi yangu, akamimina kwenye yake, akainyanyua ili aonje. Na mimi, sijui nilipata wapi wazo hilo, nilitaka kuwa mtu mwema, nikasema, "Usionje, Matroni. Mimi nakuamini," nikaishika glasi yangu.

Haikupanda. Nataka unielewe. Nilikuwa nimeshika mshumaa jioni ile. Niliiona tai, niliona suruali, nilimsikia kijana akisema kifafa kwa mdomo wake. Kama kuna mtu mmoja duniani aliyejua kwa hakika kwamba mwanamke huyu hajawahi kumdhuru mtu, ni mimi. Na mkono wangu ulikuwa juu ya meza, umeshika glasi, hauendi. Mwaka mzima wa minong'ono ulikuwa umeniingia bila kubisha hodi. Nikafikiria kusema tumbo linaniuma, nikafikiria kusema nimetumia dawa.

Alikuwa ananitazama. Hakunisaidia.

"Sema," alisema. "Si unajua masharti?"

"Matroni," nilisema, "nakuogopa wewe."

Nilidhani atanifukuza. Aliweka glasi yake chini na kufunika macho kwa kiganja, akakaa hivyo, na mabega yalipoanza kutikisika sikujua kama analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua.

"Mwaka mzima," alisema, "matumbo yanawauma. Mwaka mzima wana wagonjwa. Wewe ndiye wa kwanza kuniambia." Alijifuta kwa kile kitambaa cha wanga. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwenye meza yake, alisema la kwake. "Mimi naogopa kuzeeka naonja, Bwana Mifugo. Naonja, naonja, halafu sina wa kumpa. Hata mjukuu wangu anamtazama mama yake kwanza."

Nilikuwa bado naogopa. Sitakudanganya kwamba woga uliondoka, maana haukuondoka, ulikuwa pale umeketi nasi. Glasi yake ilikuwa imejaa, haijaguswa. Niliinua yangu kwa mikono miwili, nikafumba macho kama mtoto anayepewa kwinini, nikanywa. Ilikuwa tamu mno. Nilisikia inashuka yote hadi tumboni, nikangoja. Nilipofumbua macho, Matroni alikuwa ameshasimama, amenyooka, jagi mkononi, kitambaa begani.

"Nikuongeze?" aliuliza.

Nikamsogezea glasi.